Namna ya kuchora ramani ya makorongo hatari kando ya barabara ya mlimani: mfano wa Kitonga

Basi likianza kupanda Kitonga, abiria huangalia juu, kwenye ukingo uliochongwa, wakiwaza jiwe litakaloanguka. Jiwe moja linaua kweli, sibishi. Lakini jiwe moja linasukumwa pembeni na greda, na magari yanaendelea na safari. Kinachofunga barabara ya kwenda Tunduma kwa saa nyingi, kikang'oa kalavati na kuacha foleni ya malori hadi kusikoonekana, mara nyingi hakitoki kwenye ukingo ule. Kinatoka korongoni, na hapa nitakiita tope-mawe: maji, tope, mawe na magogo vikishuka pamoja kama zege bichi lililomwagwa, kwa kasi ambayo mtu kwa miguu hawezi kuikimbia.

Nchi hii imeshaona hali hiyo karibu karibu. Desemba 3, 2023 mzigo wa namna hiyo ulishuka kutoka Mlima Hanang ukaingia Katesh. Aprili 2024 sehemu ya Mlima Kawetere iliteremka Itezi, jijini Mbeya, ikafukia nyumba na shule. Mwongozo huu ni kwa wanaofanya kazi na barabara za Nyanda za Juu Kusini: mafundi na wahandisi wa mikoani, wanafunzi wa jiolojia, wapima ardhi, maofisa wa wilaya wanaoulizwa kila Novemba "msimu huu tujiandae wapi?" Mfano wangu mkuu ni Kitonga, wilayani Kilolo. Kazi ni ileile kwenye barabara ya Mbeya–Chunya au Uyole–Tukuyu, ingawa udongo wa huko ni wa aina nyingine kabisa, na nitaligusa hilo mbele.

Hatua ya kwanza: chagua kipande, kisha panda hadi kileleni

Usianze na barabara nzima. Chagua kipande ambacho watu wawili au watatu wanaweza kukitembea kwa miguu, kona kwa kona. Halafu weka mpaka wa ramani yako kwenye mgongo wa mlima, pale maji yanapogawanyika, hata kama ni kilometa mbili juu ya lami. Ramani nyingi nilizoziona zinaishia kwenye hifadhi ya barabara, yaani mita 30 kila upande kwa barabara kuu chini ya Sheria ya Barabara ya 2007. Hiyo ni mipaka ya nani ajenge wapi. Tope linaanza safari juu zaidi, mara nyingi kwenye msitu au shamba ambalo mtu wa barabara hajawahi kulikanyaga.

Hatua ya pili: kusanya data, na uangalie kanda

Data ya mwinuko ya bure inatosha kuanzia. SRTM, data ya mwinuko iliyopimwa kutoka angani, ina chembe (miraba ya data) za mita 30 na ilikusanywa Februari 2000. Copernicus GLO-30, data ya aina hiyohiyo, ni mpya zaidi na kwa kawaida ni safi zaidi. Zote mbili zilipimwa kwa rada, kwa hiyo penye msitu mnene zinakupa zaidi kimo cha majani kuliko kimo cha udongo. Zote mbili pia hulainisha magenge: mwamba wa digrii 60 uliosimama kwa mita ishirini hutokea kwenye kompyuta kama mteremko wa wastani. Usije ukaandika kwenye ripoti kwamba eneo lina mwinamo wa digrii 28 kwa sababu QGIS, programu ya kuchora ramani, imesema hivyo.

Sasa jambo dogo linalowatesa wengi. Longitudo 36 mashariki ndiyo mpaka wa kanda mbili za UTM, mfumo wa namba za ramani unaoigawa dunia kwa kanda, na mstari huo unapita kati ya Iringa mjini na Kitonga. Mbeya, Makambako na Iringa ziko kanda ya 36 Kusini. Ukishapita kwenda Ilula na kushuka Kitonga umeingia kanda ya 37 Kusini. Mtu akikuletea namba za GPS kwenye daftari bila kuandika kanda, alama yake inaweza kuangukia mamia ya kilometa kutoka ilipo. Andika kanda juu ya kila ukurasa, au tumia latitudo na longitudo tu shambani na ugeuze ukifika ofisini. Kama unatumia pia karatasi za zamani za 1:50,000, kumbuka zilichorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa vipimo vya ramani, na bila kuzigeuza vizuri korongo lako litasogea kama mita 300 kutoka mahali pake halisi. Kwenye mteremko kama huu, mita 300 ni korongo la jirani.

Picha za setilaiti: chukua za Mei na Juni. Mvua za kusini hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, kwa hiyo mwezi wa sita nyasi bado ni kijani na kovu jipya linaonekana kama mchirizi wa kahawia. Ukichukua picha ya Oktoba, moto umeshapita, kila kitu ni kahawia, na hutaona kitu. Setilaiti za Sentinel-2 zina picha za chembe za mita 10 na kumbukumbu zake zinaanzia 2015. Kwa makovu madogo tumia picha za zamani za Google Earth, ukirudisha mwaka mmoja mmoja nyuma.

Omba pia kumbukumbu za matengenezo kwenye ofisi ya TANROADS ya mkoa. Hazijaandikwa kwa ajili ya kazi hii, lakini mstari mmoja unaosema "kuzibua kalavati" mahali palepale miaka mitatu mfululizo una thamani kuliko ramani ya rangi kumi.

Hatua ya tatu: kipe kila kivuko namba

Kila mahali barabara inapovuka korongo, liwe na maji au kavu, pape namba. Kavu ndizo za kuangalia zaidi. Mto wenye maji mwaka mzima, kama Lukosi, una daraja kubwa na kila mtu anaujua. Kijikorongo kinachotiririka siku chache kwa mwaka kimewekewa bomba la sentimita 90 na kikasahauliwa.

Kwa kila namba, chora eneo linalokusanya maji yake, kisha fanya hesabu ndogo iitwayo uwiano wa Melton: chukua tofauti ya kimo kati ya kilele na kivuko, kwa kilometa, ugawanye kwa kipeuo cha pili cha eneo, kwa kilometa za mraba. Tuseme korongo lina eneo la kilometa 0.5 za mraba na linashuka mita 500. Kipeuo cha pili cha 0.5 ni kama 0.71; 0.5 gawanya kwa 0.71 unapata 0.7. Korongo lingine lina kilometa 6 za mraba na linashuka mita 600: 0.6 gawanya kwa 2.45 ni kama 0.24.

Ikizidi 0.6, na korongo likiwa fupi, chini ya kilometa 2.7 hivi, tarajia tope na mawe. Chini ya 0.3, tarajia mafuriko ya maji ya kawaida. Katikati, ni maji yaliyojaa mchanga na mawe, ambayo nayo hayana huruma kwa kalavati. Viwango hivi vilitokana na makorongo ya British Columbia, Kanada. Vinakusaidia kupanga uanze kutembelea lipi. Havitoshi kumwambia mtu kwamba pake ni salama.

Hatua ya nne: ingia korongoni

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi wanapofanya haraka. Nenda kati ya Julai na Oktoba. Vaa kizibao cha kuakisi mwanga, acha gari mahali pana, usiliegeshe kwenye kona wala kwenye mdomo wa korongo, na mwambie mmoja abaki barabarani kuangalia malori. Yanayoshuka Kitonga yamejaa mzigo na dereva hakutarajii.

Anza kwenye kalavati upande wa juu. Piga magoti uangalie ndani. Maji ya kawaida huacha mchanga uliolala kwa matabaka, chembe za ukubwa mmoja pamoja, na kokoto bapa zilizoegemeana zikielekea upande mmoja. Tope-mawe huacha fujo: jiwe kubwa kama debe limeshikwa na udongo mkavu katikati ya changarawe, mzizi na kipande cha gogo, bila mpangilio. Mara nyingi mawe makubwa zaidi yako juu na mbele, si chini. Ukiona hivyo, hukutani na mto. Umekutana na kitu kilichotembea kama bonge moja kikasimama.

Kisha pima vitu viwili: upana wa tundu la kalavati na urefu wa jiwe kubwa kuliko yote yaliyokuja na mzigo ule. Tundu likiwa sentimita 90 na jiwe sentimita 120, hakuna haja ya hesabu nyingine. Kalavati hilo litaziba dakika ya kwanza na kila kitakachofuata kitapita juu ya lami. Andika vipimo hivyo viwili kwenye mstari mmoja wa daftari, maana ndivyo mhandisi atakavyovisoma kwanza.

Panda sasa. Tafuta kingo za mawe zilizojipanga pande zote mbili za mkondo, kama matuta mawili yanayofuatana na korongo. Huo ni mzigo uliosukumwa pembeni wakati katikati kunaendelea kutiririka. Angalia miti, hasa upande wake unaotazama juu ya mlima. Gome lililochubuka upande huo, kwa kimo cha kiuno au kifua, linakuambia tope lilifika wapi. Gusa kovu: kama limeshafunikwa na gome jipya pembeni, tukio lina miaka kadhaa, kama mbao bado iko wazi na tope limekauka kwenye nyufa, ni la msimu uliopita au uliotangulia. Mti uliozikwa hadi tawi la kwanza nao ni shahidi.

Zungumza na watu, na uzungumze vizuri. Wauza vitunguu wa Ruaha Mbuyuni, wakulima wa nyanya wa Ilula, utingo, mafundi matairi wa barabarani: hao wamekaa foleni kila ilipofungwa. Usimsimamishe mzee kwa swali la tarehe. Msalimie, shikamoo au kamwene, kaa kidogo, eleza unachofanya. Ukimuuliza "lilikuja mwaka gani?" atakupa mwaka wowote ili akuridhishe. Uliza kwa kitu anachokishika: "Bibi, lilikuja kabla ya El Nino au baada?" El Nino kwa watu wa umri wake ni mvua za 1997 na 1998. "Huyu kijana wako alikuwa ameshazaliwa?" "Lilikuja usiku au mchana? Lilinguruma kabla?" Mngurumo na mtikisiko wa ardhi kabla ya tope kufika, au maji ya korongo kukatika ghafla wakati mvua inanyesha, ni dalili ambazo mtu hazisahau, na zinathibitisha kwamba halikuwa furiko la kawaida. Waulize watu wawili wasiokaa pamoja.

Wingu likitanda juu ya mlima, hata kama ulipo jua linawaka, toka korongoni. Ukiwa ndani ya mkondo mwembamba hutaona mvua inayokuua.

Hatua ya tano: tafuta mzigo ulipo

Tope-mawe linahitaji vitu vitatu: mwinamo, maji, na kitu cha kubeba. Mwinamo Kitonga upo kila mahali, kwa hiyo si kigezo cha kutofautisha korongo na korongo. Kinachotofautisha ni mzigo. Miamba ya pale ni ya kale, gnaisi (mwamba mgumu wenye milia) iliyopasuka na kuoza juu, na udongo uliooza hukusanyika kwenye vibonde vidogo vya mteremko, hasa vyenye mwinamo wa digrii 25 hadi 45. Chini ya hapo mara nyingi haung'oki. Juu ya hapo haukai, mwamba unabaki uchi. Kwa hiyo kinyume na unavyotarajia, genge jeusi linalotisha huenda halina kitu, na mteremko mnene wa udongo wenye nyasi ulio kando yake ndio ghala la mzigo.

Weka alama kwenye mashamba ya mteremkoni, tanuri za mkaa, miteremko iliyoungua, na nyufa za ardhi zenye umbo la mwezi mchanga. Halafu fuatilia mitaro ya barabara yenyewe. Barabara yenye kona nyingi hukusanya maji kwenye mtaro wa kona ya juu na kuyamwaga kwenye mteremko unaotazama kona ya chini. Nenda usimame kwenye kila mdomo wa mtaro, uangalie maji yanachimba nini. Makovu kadhaa utakayoyakuta yataanzia palepale, mita chache chini ya lami. Hilo ni tatizo tulilojitengenezea, na ndilo rahisi kulitatua kabla ya Novemba: saruji, mawe yaliyopangwa kwenye nyavu za waya, na mtaro unaofikisha maji hadi kwenye korongo lenye mwamba.

Uyole–Tukuyu soma kwa jicho lingine. Huko ni nchi ya volkano. Udongo ni wa majivu, na mlipuko wa Rungwe wa miaka kama 4,000 iliyopita ulitandika pumisi, jiwe jepesi la volkano lenye vitundu, ambayo unaiona kwenye kuta za barabara kama tabaka la kokoto nyepesi. Hakikisha unaandika tabaka hilo liko kimo gani na kama maji yanachuruzika pale linapokutana na udongo wa chini. Mawe makubwa utakuta machache, lakini mvua ni nyingi mno na mimea huficha kovu ndani ya msimu mmoja au miwili, kwa hiyo picha za setilaiti zinasaidia kidogo kuliko Kitonga.

Hatua ya sita: litafika wapi, na kiasi gani

Kwa kufika, kuna kanuni moja ya haraka. Simama kwenye kivuko, elekeza programu ya kupima pembe ya simu yako hadi ghala la udongo ulilolikuta juu. Pembe ikizidi digrii 11 hivi, barabara iko ndani ya uwezo wa tope kufika. Kwa hesabu: likishuka mita 400, linaweza kusafiri kama kilometa mbili kwa mlalo. Ukweli ni kwamba Kitonga karibu kila kivuko kitavuka digrii hizo, na ndiyo maana sikuanza kazi na kanuni hii. Kanuni hii ina faida zaidi chini, Mtandika na kwingineko ambako ardhi imetulia: inakuonyesha nyumba, vibanda na maegesho ya malori yaliyo juu ya mtandazo wa zamani wa mawe bila wenyewe kujua. Mtandazo huo utautambua kwenye kontua, mistari ya kimo kwenye ramani, zinavyojikunja kwenda nje kama kipepeo cha kupepea moto mbele ya mdomo wa korongo.

Kwa kiasi, tembea mkondo na kukadiria ni meta ngapi za ujazo wa udongo na mawe yaliyolegea zipo kwa kila mita ya urefu. Mita 600 zenye meta za ujazo 3 kila moja ni 1,800. Kwa tipa ya meta za ujazo 15, hizo ni safari 120. Iandike hivyo hivyo kwenye ripoti. Meneja anayesoma "1,800" atageuza ukurasa. Anayesoma "tipa 120" ataanza kuuliza zitatoka wapi na zitamwaga wapi.

Hatua ya saba: mvua

Kwa ufupi. Kiwango cha chini cha mvua inayoweza kuanzisha tope-mawe, kilichotolewa na mtafiti Caine mwaka 1980 kwa data za dunia, ni karibu milimita 15 kwa mvua ya saa moja, au kama milimita 100 zikigawanyika ndani ya saa 24. Huo ni mstari wa kuanza kukaa macho. Mara nyingi mvua itauvuka na korongo likanyamaza. Data ya CHIRPS, makadirio ya mvua yanayotumia setilaiti, inayoanzia 1981, ina chembe za kama kilometa 5 na haioni mvua kali ya alasiri iliyonyesha kwenye mgongo mmoja wa mlima. Weka kipima mvua juu, kwenye shule au zahanati, mtu akisome kila asubuhi, na ulinganishe na taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Hatua ya nane: chora

Rangi tatu zinatosha. Nyekundu: kuna ushahidi wa tope-mawe ambao watu wa sasa wanaukumbuka, ghala lina mzigo, na jiwe ni kubwa kuliko tundu. Njano: ushahidi wa zamani, au mzigo upo lakini tundu ni kubwa. Kijani: mwamba mtupu, au maji ya kawaida tu. Rangi iwe kwenye kivuko, kwa namba na kilometa yake, kisha chora juu yake mkondo na ghala, na chini yake mtandazo. Usipake mlima mzima nyekundu. Ramani ya namna hiyo ni ya kweli na haimsaidii mtu yeyote.

Tengeneza nakala mbili. Ya kwanza ya QGIS, yenye kila kitu, kwa wahandisi. Ya pili ni karatasi moja kwa msimamizi wa kikosi cha matengenezo, askari wa usalama barabarani na kamati za maafa za wilaya, kata na kijiji: namba ya kivuko, alama ya kukitambua ("baada ya kona yenye mbuyu"), rangi, greda itatokea upande gani, na magari yasimamishwe wapi pasipo na mtandazo. Kipengele hicho cha mwisho hakuna anayekifikiria hadi foleni imesimama ndani ya korongo lenyewe.

Kama unataka picha za droni, omba kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga mapema, na uende na barua kijijini pia.

Mei ikifika

Rudi kwenye kila namba, piga picha kutoka mahali palepale ulipopigia mara ya kwanza. Kivuko cha njano kilicholeta mawe kinageuka nyekundu, hesabu iseme isemavyo. Cha nyekundu kilichokombwa hadi mwamba kinaweza kushushwa kuwa njano kwa sababu hakina cha kubeba, ila angalia kwanza kuta zake: mkondo uliokombwa huacha kuta zilizokosa mguu, na zikiporomoka ghala limejaa tena kabla ya Novemba. Andika tarehe ya ukaguzi kwenye kona ya karatasi, na zile za mwaka jana uzikusanye kutoka kwenye magari.